Mtu asiye na mshahara akifa kwa uzembe wa wengine, sheria humpima kwa nini? Tuijadili Life Esidimeni

Mkalimani (mwanzisha uzi)

Wakuu, uzi ni mrefu, naomba mnivumilie. Nimeuandika na kuufuta mara kadhaa kwa sababu kila nikifika katikati hasira ilikuwa inanishinda.

Nianze na jina. Isidima kwa Kizulu na Kixhosa ni utu, ile heshima anayostahili mtu kwa kuwa ni mtu tu. Esidimeni ni mahali pa utu. Vituo vya Life Esidimeni vilikuwa vinawatunza wagonjwa wa akili wa muda mrefu katika jimbo la Gauteng, Afrika Kusini, kwa mkataba na serikali ya jimbo. Wengi walikuwa wameishi humo miaka mingi. Kuna wasioweza kujilisha, wasioongea, wenye kifafa, wasiojua hata jina lao la ukoo.

Oktoba 2015 aliyekuwa waziri wa afya wa jimbo, Qedani Mahlangu, akatangaza kuwa mkataba unavunjwa. Wagonjwa wangetawanywa: wengine hospitali za serikali, wengine makwao, wengi kwenye asasi ndogondogo. Kundi kubwa lilihamishwa kati ya Aprili na Juni 2016.

Jinsi walivyohamishwa imeelezwa kwenye ripoti ya Profesa Malegapuru Makgoba, Mchunguzi wa Malalamiko ya Afya wa nchi hiyo, iliyotoka Februari 2017. Baadhi ya asasi zilifika kuchukua watu kwa pikapu za wazi. Wagonjwa dhaifu wasio na viti vya magurudumu walifungwa kwa mashuka wasianguke. Kuna asasi zilizojichagulia wagonjwa, na ripoti inafananisha uchaguzi huo na mnada wa ng'ombe. Wengine walipelekwa bila faili wala kitambulisho. Familia zilizokwenda kuwatazama ndugu zao zilikuta vitanda vitupu na hakuna wa kuwaambia wamepelekwa wapi. Asasi zote 27 zilikuwa na leseni batili. Zote.

Septemba 2016 waziri aliliambia bunge la jimbo kwamba waliofariki ni 36. Ripoti ya Makgoba ilipotoka ikawa 94 na ushei. Shauri la usuluhishi kati ya familia na serikali lilipofika kwa jaji mstaafu Dikgang Moseneke, aliyekuwa Naibu Jaji Mkuu, na akatoa uamuzi wake Machi 2018, idadi ilikuwa 144. Wengine 1,418 walinusurika baada ya mateso, na 44 walikuwa hawajulikani walipo. Watu 44, na walikuwa mikononi mwa serikali.

Sasa nije kwenye kilichonikaa kifuani. Life Esidimeni ilikuwa inalipwa randi 320 kwa mgonjwa mmoja kwa siku. Asasi ziliahidiwa randi 112. Ndani ya hizo 112 ilipaswa kutoka chakula, kitanda, mhudumu wa usiku, sabuni, dawa na mtu wa kumgeuza mgonjwa asipate vidonda. Anayejua hesabu za kumtunza mtu mmoja nyumbani ataona palepale kwamba kuna kitu lazima kikosekane.

Hiyo ndiyo bei aliyowekewa mtu huyu akiwa hai. Je, akishakufa?

Tangu zamani sheria imekuwa na shida na swali hili. Mwaka 1808 nchini Uingereza mtu mmoja alidai fidia baada ya gari la farasi kupinduka na mkewe kufariki hospitalini wiki kadhaa baadaye. Jaji Ellenborough akasema kifo cha binadamu hakiwezi kulalamikiwa kama dhara katika mahakama ya madai. Mume akalipwa kwa michubuko yake na kwa zile wiki ambazo mke alikuwa hai lakini mgonjwa. Alipokata roho, hesabu ikafungwa. Ukimvunja mtu mguu unalipa, ukimuua hulipi. Iliwachukua Waingereza hadi 1846, enzi ya reli na ajali zake, kutunga sheria ya kuwaruhusu wategemezi wa marehemu kudai. Na wakaruhusiwa kudai nini? Kipato kilichopotea. Marehemu alikuwa analeta kiasi gani nyumbani, na angeleta kwa miaka mingapi.

Sheria ya Afrika Kusini ina mizizi yake mwenyewe, ya Kiholanzi, iliyokuwa imewaruhusu wategemezi kudai tangu zamani. Lakini kipimo ni kilekile cha matunzo yaliyopotea. Sasa mchukue mwanamke wa miaka 50 aliyeishi kituoni tangu ujana wake. Hajawahi kuajiriwa. Hana mtoto anayemtegemea. Yeye ndiye mtegemezi. Muue kwa njaa, kisha fungua kitabu cha hesabu uone hasara: gharama za jeneza.

Ndiyo maana uamuzi wa Moseneke naurudia kila mara. Kila familia ya marehemu iliyokuwa kwenye shauri ilipewa randi milioni 1.2. Serikali ilikuwa imeshakubali kulipa 20,000 za mazishi na 180,000 za mshtuko na maumivu ya familia, jumla 200,000. Ilitaka iishie hapo. Ubishi mkubwa ulikuwa kwenye ile milioni moja, ambayo Moseneke aliitoa kama fidia ya kikatiba, kwa kuvunjwa haki zilizoandikwa kwenye Katiba yao. Hakumuuliza marehemu alikuwa anaingiza shilingi ngapi. Kwa kusoma kwangu, hapo ndipo mtu asiye na mshahara alipohesabiwa kama mtu.

Karibuni.

Bint Saidi

Mkalimani, ahsante kwa kazi hii. Kwenye fidia niko nawe. Lakini umemaliza bila kugusa swali ambalo kila familia huliuliza kwanza: nani atajibu kwa jina lake? Milioni imelipwa na serikali, maana yake imelipwa na walipakodi, wakiwemo haohao wafiwa.

Kulikuwa na njia ya pili, uchunguzi wa vifo mahakamani. Ulianza Julai 2021 Pretoria mbele ya Jaji Mmonoa Teffo, na uamuzi ukasomwa Julai 2024. Jaji akasema uzembe wa Mahlangu na wa Dkt. Makgabo Manamela, aliyekuwa mkurugenzi wa afya ya akili wa jimbo, ndio uliosababisha vifo vya watu tisa. Watu tisa kati ya 144! Niliposikia nililia, nikiri.

Baadaye nilikaa nikatulia nikaelewa, ingawa sijaridhika. Moseneke alikuwa anauliza: je, serikali ilivunja haki za watu hawa? Jibu hilo linawafunika wote kwa pamoja. Jaji wa uchunguzi wa kifo anauliza kwa kila marehemu peke yake: je, huyu alikufa kwa sababu ya kitendo kinachoonekana kuwa kosa la jinai, na ni kitendo cha nani? Hapo unahitaji ripoti ya uchunguzi wa maiti, faili, kumbukumbu za dawa, uzito. Wengi wao hawakuwa na hivyo vitu. Walizikwa na cheti kinachosema tu "kifo cha kawaida", au mwili ulikaa muda mrefu ukaharibika. Na wakili wa upande wa pili ana hoja nyepesi mkononi: huyu alikuwa mgonjwa tangu mwanzo, pengine angekufa tu.

Mgonjwa alipotupwa bila faili, ushahidi wa kifo chake ulitupwa siku hiyohiyo. Aliyezembea zaidi ndiye anayekuwa mgumu zaidi kushtakiwa.

Na wasioijua hatua hii waelewe: matokeo ya uchunguzi wa kifo si hukumu ya kifungo. Faili linarudi kwa waendesha mashtaka, wao ndio waamue kama kuna kesi ya kuua kwa uzembe.

Shahidi77

Nitaongea kinyume kidogo, msinirukie.

Wazo lenyewe la kuwatoa wagonjwa wa akili kwenye taasisi kubwa si uovu. Italia ilitunga Sheria namba 180 mwaka 1978 na ikaanza kufunga hospitali zake za vichaa, na wengi tunaiona ni hatua ya kiutu. Afrika Kusini nayo ilikuwa na sera ya afya ya akili ya 2013 hadi 2020 iliyosema watu watunzwe karibu na jamii zao. Kiongozi anayejaribu kutekeleza sera akakosea, tukimfunga, kesho hakuna atakayethubutu kubadili chochote. Viongozi watakaa na mifumo mibovu kwa kuogopa jela.

Pia Mahlangu alisema uamuzi ulikuwa wa pamoja. Serikali ndivyo inavyofanya kazi. Sahihi moja ina watu 20 nyuma yake.

Mkalimani

Shahidi77 ndugu yangu, hoja yako ni nzito, sitaipita kwa haraka.

Sera ni nzuri. Lakini isome mpaka mwisho: inataka huduma za jamii zijengwe kwanza, ndipo watu wahame. Hapa watu walihamishwa kwanza kwenda mahali ambapo huduma haikuwepo. Sababu zilizotolewa, yaani sera, bajeti na kauli ya mkaguzi wa hesabu kuhusu mkataba, Moseneke alizipima na hakuikubali hata moja.

Kuhusu kukosea. Mimi natofautisha aliyekosea na aliyeonywa. Chama cha madaktari wa magonjwa ya akili kilionya kwa maandishi. Vikundi vya kutetea wagonjwa vilionya. Familia zilijiunga zikaandika barua na kuandamana. Desemba 2015 walikwenda mahakamani, yakafikiwa makubaliano. Machi 2016 wakarudi mahakamani kuzuia kundi moja la wagonjwa lisihamishwe, wakashindwa, na wagonjwa wakahamishwa. Mmoja wa waliohamishwa, mwanamke, alifariki siku chache baadaye. Uchunguzi wa maiti ulikuta mabonge ya plastiki na karatasi tumboni mwake.

Kwenye sheria ya uzembe swali ni hili: je, mtu makini katika nafasi hiyo angeliona dhara linakuja? Huku hakukuwa na haja ya kukisia mtu makini angeona nini. Aliandikiwa. Barua ziko kwenye kumbukumbu.

Na hao watu 20 nyuma ya sahihi, kila mmoja ana kazi yake yenye jina. Manamela alisaini leseni ambazo hakuwa na mamlaka ya kuzitoa. Dkt. Barney Selebano alikuwa mkuu wa idara. Kulikuwa na Bodi ya Mapitio ya Afya ya Akili ya jimbo, chombo ambacho kazi yake kisheria ni kumlinda mgonjwa asiyeweza kujitetea, na Makgoba aliikuta kama imekufa. "Uamuzi wa pamoja" ukikubaliwa kuwa kinga, basi njia salama ya kuua ni kuitisha kikao.

Shahidi77

Hilo la barua limenishinda. Nakubali. Ila la walipakodi kulipa badala ya wahusika bado halijajibiwa na yeyote humu.

Nesi wa Zamu

Nimefanya kazi wodi za akili miaka 17. Sitataja wapi. Naomba niwaelezee kitu ambacho mawakili hukipita haraka, yaani mtu anakufaje kwa kuhamishwa.

Mgonjwa wa kifafa akikatishwa dawa ghafla anaweza kupata degedege lisilokatika, na hilo huua. Anayetumia lithiamu asipokunywa maji ya kutosha, dawa inapanda mwilini inageuka sumu. Mwenye shida ya kumeza anatakiwa alishwe ameketi, chakula laini, kijiko kwa kijiko, na mtu asiye na haraka. Mlishe amelala, chakula kinaingia kwenye mapafu, baada ya siku mbili tatu ana nimonia. Kwenye cheti wataandika nimonia. Ni kweli ni nimonia. Lakini ilianzia kwenye kijiko.

Hayo yote yamo kichwani mwa muuguzi anayemjua. Huyu anakohoa akinywa chai. Huyu akikataa kula ujue jino linamuuma, maana hasemi. Huyu mgeuze kila saa mbili. Tunapokabidhiana zamu tunaambiana mgonjwa mmoja mmoja, na bado kuna siku tunasahau. Sasa chukua mamia ya watu, wakabidhi kwa wageni bila hata karatasi.

Nilishawahi kumpokea mgonjwa hivyo, kaletwa usiku, dereva hajui hata jina. Tulikaa naye siku nne tukimwita Baba. Alikuwa na kisukari. Tuligundua kwa bahati kwa sababu mwenzangu alihisi harufu ya pumzi yake. Naifikiria ile bahati mara nyingi.

Kitu kimoja cha msaada kwa wenye ndugu kwenye vituo: ulizeni kadi ya uzito. Mgonjwa asiyesema, uzito ndio mdomo wake. Kituo kinachompima kila mwezi kinamwona. Kisichompima, hata kingekuwa na sakafu inayong'aa, muulizeni msimamizi maswali.

Mkalimani

Nesi, Mungu akulipe kwa ulichoandika.

Niongeze jambo moja ili isionekane ni tatizo la Afrika Kusini peke yake. Uingereza, nchi ya yule mume wa 1808, ina sheria ya mwaka 1976 inayotoa fidia ya majonzi kwa kiwango maalumu. Kwa vifo vya kuanzia Mei 2020 ni pauni 15,120. Wazazi wanaipata kama mtoto hajafikisha miaka 18 na hajaoa au kuolewa. Mtoto mwenye ulemavu wa akili aliyefikisha 18, hata kama bado anavalishwa na mama yake, yuko nje. Mwaka 2013 huko Oxford kijana wa miaka 18 mwenye kifafa alikufa maji bafuni kwenye kituo cha afya, ameachwa bila mtu wa kumtazama. Baraza la uchunguzi wa kifo lilisema uzembe ulichangia. Mwaka 2018 taasisi iliyokuwa inaendesha kituo ilitozwa faini ya pauni milioni 2 kwa kifo chake na cha mgonjwa mwingine. Faini iliingia hazina. Kwa kifungu kile cha majonzi, mama yake alikuwa amechelewa kwa umri wa mtoto.

Sauti ya Kaka

Mimi ni msomaji tu humu, sijawahi kuandika. Nimejiunga leo kwa ajili ya uzi huu.

Kaka yangu mkubwa alikuwa na ugonjwa wa akili tangu akiwa na miaka 19. Baada ya mama kufariki tulimpeleka kwenye kituo fulani cha watu binafsi, tukawa tunalipa kwa zamu, mimi na dada zangu. Mwaka jana tulipigiwa simu kwamba moyo wake umesimama usingizini. Alikuwa na miaka 44. Tulipofika alikuwa amekonda kiasi kwamba dada yangu alisema huyu siye. Tulimzika siku iliyofuata. Hatukuomba uchunguzi. Tulikuwa tumechoka, na kuna mtu alituambia mwacheni apumzike, ameteseka vya kutosha.

Mzee mmoja mwanasheria tuliyemfuata alituuliza: alikuwa anafanya kazi gani? Tukasema hakuwa na kazi. Ana mke, watoto? Hana. Akatuambia kwa upole kabisa kwamba basi hakuna kesi ya maana. Nimeishi na maneno hayo miezi 11. Leo ndiyo mara ya kwanza naelewa alikuwa anapima nini.

Kuna lolote la kufanya sasa?

Bint Saidi

Pole sana kaka. Pole wewe na dada zako. Na kutoomba uchunguzi siku ile si kosa lenu. Mlikuwa wafiwa, hamkuwa wapelelezi.

Sitakuahidi ushindi, na sheria za nchi uliyopo ndizo zitakazoamua. Ila yule mzee aliangalia mlango mmoja tu, wa kipato kilichopotea. Kuna mkataba: mlikuwa mnalipa ili atunzwe, na kama hakutunzwa hilo ni dai linalosimama lenyewe. Kuna mateso aliyoyapata akiwa bado hai, ambayo katika nchi nyingi mirathi yake inaweza kuyadai. Kuna malalamiko kwa mamlaka inayotoa leseni za vituo na kwa mabaraza ya madaktari na wauguzi. Na kuna polisi kuomba kifo kichunguzwe, hata baada ya mazishi.

Cha haraka ni muda. Madai yana ukomo. Afrika Kusini kwa kawaida ni miaka mitatu, na ukiidai serikali unatakiwa kutoa taarifa ndani ya miezi sita. Kwenu inaweza kuwa fupi zaidi, kwa hiyo usingoje arobaini nyingine. Andika barua kuomba nakala ya faili lote: kadi ya dawa, daftari la zamu, uzito, majina ya waliokuwa zamu usiku ule. Ipeleke kwa mkono, nakala yako igongwe muhuri wa tarehe. Wakikataa, barua yenyewe iliyokataliwa inakuwa ushahidi. Tafuta risiti za malipo na picha zake, hasa zenye tarehe. Na nyinyi ndugu kila mmoja akae peke yake aandike anachokumbuka kabla hamjakaa pamoja, kumbukumbu zisije zikachanganyika.

Nesi wa Zamu

Kaka, anza na kadi ya uzito.

Sauti ya Kaka

Nimewasikia. Nimempigia dada yangu wa pili usiku huu, yeye ndiye aliyechukua begi lake kituoni. Tulikuwa hatujalifungua.

Ndani kuna shati mbili, redio na bahasha. Kwenye bahasha mna kadi. Imejazwa mistari miwili tu. Mwezi alioingia, kilo 68. Miezi 14 baadaye, kilo 49. Katikati hakuna kitu, na chini ya ile 49 kuna sahihi ya mtu.

Bint Saidi, nielekeze namna ya kuianza hiyo barua.